Kwa Ghislain, Juu ya Risasi za Akiba

Nkanka, Rusizi
Rwanda
9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Ghislain,

Nakusalimu kwa furaha nyingi, wewe na Nabintu na watoto wote. Muko salama? Theluji imeshaanza huko Montana? Ile picha ya Mugisho amesimama ndani ya theluji hadi magotini niliionyesha soko zima la Kamembe, na maman mmoja akaniuliza kama huyo mtoto ameadhibiwa. Mgongo wako vipi? Ulisema daktari amekukataza kubeba mizigo mizito, nami najua hukumsikiliza.

Sisi huku tuko wazima. Mvua imekuja vizuri, maharage yamesimama. Mimi bado napeleka samaki wadogo wa sambaza ng'ambo, Bukavu, asubuhi navuka, mchana narudi. Shemeji yako Sibomana amezeeka kidogo tangu umwone, ila bado anakunja mashuka kijeshi, na mimi nikiyakunja anayakunjua na kuanza upya.

Barua hii anakuja nayo Uwayezu, binti wa jirani yetu, aliyepata nafasi ya kusoma huko Amerika. Ataitia posta akishafika. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini kuna maneno nikiyasema kwenye simu nalia, na wewe ukinisikia nalia unakata.

Basi, swali lako. Sauti uliyotuma tuliisikiliza na Sibomana tukiwa tunachambua maharage. Ulisema rafiki zako wa kazini wanaweka chakula na risasi za miaka mingi, wakingoja siku mambo yatakapoharibika, na kwamba wewe nawe umeanza. Ukataka shemeji yako, kwa kuwa alikaa miaka kwenye ghala la silaha la jeshi, akuchagulie kaliba: ununue za 308, za 5.56, za 7.62, au kidogo kidogo za kila unene.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliniomba nirudishe sauti mwanzo, akasikiliza tena.

"Mwambie achague aina moja, ikizidi sana mbili," alisema. "Aina tano ni ghala tano, na siku ya shida mkono unatetemeka, macho hayasomi maandishi madogo ya kwenye sanduku. Achukue ile ambayo duka la mji wao haliishiwi, na ambayo jirani yake anatumia. Risasi zikiisha utaomba kwa jirani, hutaomba kiwandani."

Nikamuuliza ni ipi, maana najua wewe utataka jina. Akasema kama ni kuwinda wale kulungu wakubwa wa kwenu, hiyo 308 inatosha na kubaki. Ya 5.56 ni nyepesi kubeba, lakini mnyama mkubwa unaweza kumjeruhi tu akaenda kufia mbali. Kwa sungura na ndege, ile ndogo kabisa ya 22, ambayo sanduku lake linaingia mfukoni. Ya 7.62 ni nzuri, ila usiinunue eti kwa sababu ndiyo uliyoizoea kuiona utotoni. Zikae pakavu, kwenye sanduku la bati lenye mpira kwenye kifuniko, kila aina peke yake. Na bunduki ikae chini ya kufuli, ufunguo mwilini mwako.

Hayo ndiyo majibu yake, nimeyaandika jinsi alivyoyasema. Halafu akaendelea kuchambua maharage. Mwishowe akasema: "Sasa mwandikie habari za Mzee Buhendwa. Nazo ni habari za kaliba."

Ghislain, kuna jambo lililompata Baba Mdogo Buhendwa mwezi wa pili ambalo hatukukueleza. Ulijua tu kwamba alivuka, kwamba yuko salama kwetu. Nilienda kumuuliza kama naweza kukuandikia. Alikuwa anapiga randa mguu wa kiti. Alipuliza maranda, akasema: "Mwandikie yote. Miye sitaweza kumuambia kwa simu."

Vita vilipokaribia Bukavu, binti yake Aurore alikuwa na mimba kubwa. Mume wake, Murhula, yule fundi umeme mrefu uliyemwona kwenye picha za harusi, alimleta kwetu pamoja na mama mkwe wake, Maman Aurore. Daraja la Rusizi ya Pili lilijaa watu wenye magodoro kichwani. Baba Mdogo peke yake alikataa kutoka. Alisema nyumba ile ya Bagira aliijenga kwa mikono yake, karakana yake imo, mbao zake zimo, na akiiacha siku moja hatakuta hata mlango.

Kisha wanajeshi waliokuwa mjini wakaondoka, na wengine walitupa vitu vyao njiani. Baba Mdogo aliokota bunduki kwenye mfereji mbele ya karakana. Akaokota na risasi, hapa na pale, akazijaza kwenye bidoni la mafuta ya kupikia alilolikata mdomo. Hakuangalia unene wala urefu. Kwake risasi ilikuwa risasi, kama sisi wengine wote. Nilipompigia simu kumsihi avuke, aliniambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Nzigire, tulia. Niko na silaha. Nani atanitosha inje ya nyumba yangu?"

Wewe unamjua Baba Mdogo. Ndiye aliyekubeba mgongoni tulipokimbia mara ya kwanza, ukiwa hujajua kutembea vizuri. Mtu huyo hakuwahi kupiga hata mbwa. Lakini kile chuma kilimpa usingizi, alisema, na baada ya siku kadhaa kikamnyima.

Aurore alikuwa halali wala hali. Alilia: "Papa atakufa juu ya kulinda bati na viti!" Murhula hakuweza kuvumilia. Akavaa viatu, akarudi ng'ambo kumchukua mkwe wake, wakati kila mtu alikuwa anakuja upande huu.

Mjini alikuta watu wanapora madepo ya bidhaa. Mahali fulani walikuwa wamechoma matairi, moshi umejaa njia yote, basi akavua shati akajifunga nalo usoni, akaacha macho tu. Alifika Bagira mchana. Aligonga lango la chuma la parsele, ua wa mzee, akaita. Baba Mdogo, na masikio yake yale unayoyajua, hakusikia wito. Alisikia chuma kinagongwa. Murhula akaona hakuna jibu, akafikiri mzee ameanguka ndani, akapanda ukuta akaruka.

Baba Mdogo alikuwa amekaa mlangoni mwa karakana. Aliona mtu mrefu aliyefunika uso anaruka ndani mwake. Akainua bunduki, akamlenga kifuani, akavuta.

Haikulia.

Akavuta kile chuma cha pembeni kutia nyingine, nayo ikakwama. Alikuwa bado anapambana nayo, anaipiga kwa kiganja, Murhula alipolishusha shati. "Papa, ni miye! Ni miye, Murhula!"

Baadaye Sibomana alimuuliza zile risasi zilikuwaje, akaelewa. Zilikuwa za aina mbili, zimechanganyika kama maharage ya rangi mbili. Ile ya kwanza kuingia ilikuwa nyembamba kuliko bunduki yenyewe. Ilizama mbele kupita kiasi, pini ya kuipiga haikuigusa. Ya pili ikaja kukwama nyuma yake. Kama mzee angekuwa amepanga vizuri, aina moja, pakavu, kila kitu mahali pake jinsi Sibomana anavyokufundisha wewe, Aurore angekuwa mjane kabla hajazaa, na aliyemfanya mjane angekuwa baba yake.

Murhula hakusema neno la hasira. Alikaa chini kwanza. Kisha wakatupa bunduki na bidoni zima ndani ya shimo la choo, wakafunga karakana, wakatembea hadi darajani. Sibomana aliwangoja upande huu. Anasema Baba Mdogo alikuwa amemshika Murhula mkono kama kipofu anayeongozwa.

Hapa nyumbani hatukujua kitu. Tuliona tu mzee hakai meza moja na mkwe wake. Murhula akiingia, yeye anatoka kwenda kuangalia mbuzi. Maman Aurore alidhani ni uchungu wa nyumba. Tulikuwa watu wengi ndani ya vyumba vitatu, nami nilihangaika na mengine. Unajua ni nini kilichotuishia kwanza, Ghislain? Chumvi. Halafu mabidoni ya maji, halafu vitambaa vya wanawake. Unga tuliupata kwa jirani.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tatu, mvulana, kwenye kituo cha afya, bila shida. Tulipokusanyika kumpa jina tulimgeukia babu yake, kama ilivyo desturi. Baba Mdogo akasimama. Akasema hana haki ya kumpa mtoto huyu jina, kwa sababu alikaribia kumfanya yatima. Akaeleza yote, mbele yetu, amesimama, kofia mkononi.

Murhula alijaribu kumsaidia. "Papa alikuwa analinda nyumba. Na miye niliruka ukuta kama mwizi."

Lakini Aurore alichukua mtoto, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakumsemesha baba yake siku nyingi. Alimwekea chakula, alimfulia shati, ila macho yake hayakumpata. Wala mtoto hakumpa ashike. Mzee naye hakuomba. Maman Aurore alikonda kwa kukaa katikati yao, na mimi nilisali sala ambazo sikujua nizimalizeje.

Asubuhi moja Aurore alipaswa kuja na mimi sokoni, mama yake alikuwa ameenda kanisani. Nilidhani atambeba mtoto. Alitoka mlangoni, akamwona baba yake amekaa kwenye benchi. Kisha akamwekea mtoto mapajani, akanipita akatangulia njiani haraka haraka.

Tuliporudi jua lilikuwa limepanda sana. Baba Mdogo alikuwa pale pale. Mtoto amelala, amemlowesha suruali yote, na mzee hajasogeza hata kidole. Nzi alikuwa anatembea kwenye paji la uso wa mzee, hakumfukuza. Aurore akamuuliza: "Papa, mbona haukusimama?" Akajibu: "Miguu imekufa zamani. Niliogopa nikisimama nitamuangusha."

Aurore akacheka. Alicheka hadi akakaa chini na ndoo ya nyanya, na baadaye kicheko kikageuka kilio, na baba yake hakuweza hata kwenda kumshika kwa sababu miguu kweli ilikuwa imekufa. Ilibidi Murhula aje kumwinua. Jioni ile mzee alimpa mtoto jina. Anaitwa Akonkwa, jina la shukrani.

Ndiyo habari yenyewe. Sasa usiniwazie kwamba nimekuandikia nikukataze. Kule mna dubu, mna baridi inayofunga barabara, na rafiki zako si wajinga. Tena najua hofu yako inatoka wapi, kwa maana tulikimbia pamoja. Mtu aliyetoka nyumbani kwao mbio, hata ukimpa nyumba ya mawe bado analala akiutazama mlango. Mimi hapa pia, malori yakipiga breki usiku, nashika viatu kwanza.

Ila Nabintu aliniambia sanduku la risasi liko chini ya kitanda ambapo watoto wanajifichaga wakicheza, na bunduki iko nyuma ya makoti. Usimgombeze, alinieleza kwa sababu anakupenda na amechoka kuogopa. Kanunue kufuli kabla ya kununua kaliba yoyote. Na uweke chumvi, mdogo wangu, na maji, na blanketi za watu zaidi ya wale walio nyumbani mwako, kwa sababu siku hiyo ikifika watakuja.

Baba Mdogo amesharudi Bagira mara kadhaa kuangalia nyumba. Bati chache ziliondoka, mbao zote ziliondoka, mlango upo. Amesema atahamia tena mwakani, Mungu akipenda. Kwa sasa anatengeneza viti hapa, na Akonkwa anakula maranda tukigeuka kidogo tu.

Sibomana anakusalimu sana, anasema umpigie akueleze habari za unyevu. Maman Aurore, Aurore na Murhula wanakusalimu. Jirani Mukamazimpaka anauliza kama bado unakumbuka ladha ya isombe yake. Msalimie Nabintu kwa jina langu, na umbusu Mugisho na dada zake, mmoja mmoja, usiwabusu kwa jumla.

Mungu akae kati ya nyumba yako na kila baya, na akae pia kati ya mkono wako na haraka.

Baba Mdogo amesimama nyuma yangu ninapoandika. Nimemuuliza niongeze nini kutoka kwake. Amefikiri sana, hadi Uwayezu ameanza kutazama njia. Amesema: "Mwambie hivi. Muntu akija ku mlango wake, amuite kwanza. Kama hajui ni nani, aite majina yote ya batu anaowapenda, moja moja, hata kama ni mingi. Akishamaliza yote na hakuna aliyeitika, ndipo aguse kile chuma."

Mimi dada yako mkubwa nisiyekusahau,

Yaya Nzigire