Anayekula Ndani ya Maji

Baba,

Maji yako yanakula. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza hali ya Mama.

Ile akwariamu ya maji ya chumvi uliiacha ukumbini hapa nyumbani Ngagara, vioo umekata mwenyewe, mawe ya bahari yule dereva wa lori kakuletea toka Dar es Salaam. Taa inawaka, pompi inazunguka, samaki hakuna. Watu wa matanga walikaa wakiitazama. Unajua watu wetu. Samaki wa ziwa tunamtia siku ileile tunayojaza maji, akifa tunamfuata mwingine ufukweni Kajaga. Nani anawasha taa kwa ajili ya maji matupu? Mama Furaha, jirani yetu wa Uvira, alisogeza mkeka wake mpaka mlangoni. "Hii maji inaangalia watu," akasema. Nilitaka kumcheka, nikashindwa, maana pompi ilikuwa inavuta vilevile ulivyokuwa unavuta chai kwenye kisahani.

Mdogo wako Saidi naye hakuchelewa. Udongo wa kaburi haujakauka, yuko ukumbini anapima kioo chako kwa shibiri. Anakitaka kwa kabati la duka lake kule mtaa wa Asiatique. "Arobaini ikifika haina samaki, mi naibeba." Nikamwambia samaki watakuwemo. Nilisema kwa hasira tu, Baba. Ni kazi ya mwisho ya mikono yako, na yeye anaipima kama ubao.

Basi nikafanya ulivyonionyesha. Kipande cha ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ndani ya soksi safi, nikakiacha kioze. Kikioza kinatoa amonia, ile sumu ya kwanza. Vijidudu vinaota kwenye mawe, vinaila, vinaacha sumu ya pili, halafu vinakuja vingine vinaila na hiyo. Sumu zote mbili zikiisha, ndipo samaki anaingia. "Tunalisha wenye hatuwaoni," ulisema. Wakati ule niliyachukua kama maneno ya fundi. Ni maneno mengine kabisa asubuhi, nyumba ina msiba, unavuta soksi majini na ndani yake pamebaki mifupa.

Ilikwenda vizuri. Matone ya kupimia yalitoka kijani, yaani sumu ipo, siku baada ya siku yakawa yanarudi njano. Halafu, mi sijaongeza kitu, yakawa kijani tena. Nikatoa soksi. Kijani. Nikafunika juu kwa kioo, nikaweka na tofali. Ikazidi. Nikainama kuangalia chini, na pale juu ya mchanga palikuwa na jicho la ndagala, jicho moja dogo jeupe. Nyumbani tuko wawili tu, na Mama mbele yangu hakuwahi hata kuisogelea. Nikasoma Ayatul Kursiyu nimesimama mbele ya maji, mimi niliyetaka kumcheka Mama Furaha.

Ijumaa moja nilifunga duka lako mapema nikarudi alasiri. Mama alikuwa amesimama pale, kitenge kichwani, tofali ameliweka chini. Anavunjavunja ndagala kwa vidole, anatia. "Bismillahi. Kula, Baba Amina. Haina pilipili."

Tumbo lako, Baba. Bado analichunga tumbo lako.

Nikamuuliza anafanya nini, na sauti yangu haikuwa nzuri. Hakushtuka. "Usinifundishe dini. Najua marehemu hali chakula. Lakini pale hospitali aliniambia, musiache ile maji ikae na njaa. Na mi nikitia, inaliwa. Nani anakula?" Jibu nilikuwa nalo, lile la vijidudu, ulilonifundisha mwenyewe. Lakini nilichosema ni kwamba akiendelea hivyo maji hayatakuwa tayari na Saidi atabeba. Akaacha.

Akaacha na yeye mwenyewe kula. Sahani yake ikawa inarudi jikoni nilivyoipakua. Anakaa kwenye kiti chako, uso umepigwa na ile taa ya buluu, ananiambia ameshiba. Ameshiba nini? Niliogopa kuliko nilivyoliogopa lile jicho. Nikasema akwariamu na iende, Saidi aibebe na mawe yake, mama nitampata wapi mwingine. Nikachukua ndagala, nikamtia mkononi. "Tia, Mama. Kidogo, jioni, mi nikiwepo." Jioni hiyo alitia, kisha tukala wote, sahani moja.

Sasa sikiliza, fundi wangu. Kumbe kwa kulishwa kupita kiasi, vile vijidudu vyako vimeongezeka. Anatia jioni, napima asubuhi, njano safi. Sumu ya pili nayo hakuna. Nilirudia kupima mpaka matone yakakaribia kuisha. Nikabadilisha nusu ya maji kama ulivyosema, nikaagiza samaki Dar. Samaki wako wawili wamefika na ndege, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe.

Jana ilikuwa arobaini yako. Khitma ilikwisha, watu wanakula pilau uani, na mimi ndani nimeuacha mfuko wa samaki uelee majini ili wazoee. Mama akanishika mkono.

"Hawa wakiingia, baba yako atakula wapi?"

Nikamwambia watakula wao, na kinachotoka kwao ndicho maji yatakula. Hakuna atakayelala njaa. Akaniachia mkono, nikafungua mfuko, samaki wakaingia. Mama akachukua ndagala, akaikata vipande viwili. Kipande kimoja akawatupia samaki. "Hii ya wageni." Cha pili akakitia pembeni, kule kwenye pompi. "Hii ya mwenye nyumba."

Saidi alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza kwa nini Mama anatia chakula pasipo na samaki. Mama akampa chai. Alikunywa chai yake haraka, akaenda, na habari ya kioo hakuigusa.

Asubuhi hii kile kipande hakipo. Najisemea samaki wamekula. Lakini nimewaangalia tangu alfajiri, Baba, na pembe ile hawaendi.

Nimekukumbuka mpaka kifua kinauma. Mungu akunawirishie kaburi lako, upumzike, duka nitafungua mimi. Na Mama akichoka, jioni nitatia mwenyewe.

Bila pilipili.

Amina wako