Tisa Nukta Nne

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Barua pepe imefika! Wamenikubali kwa jaribio la ukalimani — Alhamisi, saa nane mchana. Kisomali na Kiingereza kwa mtandao, wagonjwa na madaktari wa nchi za mbali, nami nimekaa chumbani kwangu hapa nyumbani, mtaa wa Iftin. Nikipita, kwaheri Eastleigh. Nisipopita, Oktoba narudi kule kwa binamu, watu watano chumba kimoja. Hooyo, yaani mama, akasema tu: Alhamdulillahi, kisha akaenda kuwasha makaa.

Masharti: waya, si Wi-Fi. Spidi isipungue megabiti ishirini na tano. Chumba kiwe na mlango unaofungwa. Mlango ninao. Waya ninao — ule wa bluu, unatoka kwenye ruta sebuleni, unapita chini ya zulia mpaka mezani kwangu. Mwezi jana ulinipa thelathini na nane bila jasho.

Naandika Kiswahili kwa sababu mbili. Mazoezi. Na Hooyo hakisomi.

Jumapili, 7 Septemba

Nimepima. Tisa nukta nne!

Hiyo ni kwa waya. Simu, kwa Wi-Fi, imelala palepale kando ya laptopu: thelathini na saba. Waya kushindwa na hewa — nimeyaona leo. Nikazima ruta, nikahesabu mpaka thelathini, nikawasha. Tisa. Nikapigia kampuni ya intaneti. Dada wa huko akauliza kama nimezima na kuwasha. Nimezima na kuwasha. Akaniomba nizime na kuwasha. Tisa. Akasema kwao kila kitu ni kijani. Hongera zao.

Jioni Hooyo amefukiza uunsi, ule ubani wetu, nyumba nzima, kama kawaida yake. Nanukia kama bibi harusi na spidi sina. Nikataka kuvuta ule mto mkubwa ulio chini ya meza ya ruta niukalie — loo! Akaniwakia niuache papo hapo ulipo. Haya. Utu uzima una mambo yake.

Jumatatu, 8 Septemba

Abti Abshir amekuja. Kaka yake Hooyo, anauza simu sokoni, kwa hiyo anajiona injinia. "Shida ni labtob yako, abti," akasema (kwetu mjomba akikuita naye husema abti). Akatoa ya kwake, akachomeka waya wa bluu. Tisa nukta nne. Akaitazama kama mbuzi aliyemuuzia mtu jana na leo amerudi mwenyewe.

Basi ni joto, akasema. Feni ikatolewa kwangu, ikaelekezwa kwenye ruta. Ruta inapigwa upepo, sisi tunatiririka jasho. Tisa. Abti akanywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa ya ngamia, akaaga.

Siku tatu zimebaki.

Jumanne, 9 Septemba

Leo nimetumia akili badala ya mjomba.

Nimehamisha waya kwenye tundu jingine la ruta: tisa. Nikachukua kile kiwaya kifupi kilichokuja ndani ya boksi, nikakaa sakafuni chini ya ruta, nikachomeka — THELATHINI NA NANE! Nilipiga yowe, Hooyo akaja mbio na mwiko mkononi. Kumbe laptopu haina kosa. Ruta haina kosa. Kampuni haina kosa (matusi yangu narudisha nusu). Mkosaji ni waya wa bluu. Ningefanyia jaribio hapohapo, lakini sebule yetu haina mlango, ni pazia tu.

Nikasema tuinue zulia. Hooyo: lina vumbi. Kesho. Zulia si la kuinuliwa ovyo. Kisha akakalia ule mto. Hooyo, ambaye hajawahi kukaa kitako kabla ya alasiri!

Nikamwangalia tu. Halafu akainuka, akausogeza.

Tundu kwenye zulia, ukubwa wa sarafu, kingo nyeusi. Chini yake waya wa bluu umeyeyuka, shaba iko nje. Kaa la moto lilidondoka kutoka kwenye dabqaad, kile chetezo chake cha udongo. Alikuwa anaficha kwa mto tangu wiki iliyopita, eti nisimwambie Abti.

Lakini dabqaad mahali pake ni mlangoni, miaka yote. Kwa nini pale? Akavuta shaash yake, kile kitambaa cha kichwani, mbele usoni. Akasema alinisikia nikisema kazi itaingilia kwenye kile kisanduku, yaani ruta. Basi kila jioni anakiwekea uunsi, anakiombea dua. Kazi ije, mtoto asiondoke.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa ya kicheko yote. Nampenda mama huyu. Naye akacheka, mdomo ndani ya shaash. Alipopata nguvu akaanza: waya gani huo usiostahimili uunsi? Ayeeyo, nyanya yangu, alifukiza miaka hamsini kule Ijara, hakuna kilichoharibika! Sikumkumbusha kwamba nyumbani kwa ayeeyo hakukuwa na waya hata mmoja.

Jumatano, 10 Septemba

Abti ameleta waya mpya, wa kijivu, vichwa kavibana mwenyewe. Safari hii tumeupitisha juu, kwenye fremu ya mlango. Thelathini na nane! Akadai chai. Akanywa. Akainuka kwa mbwembwe, mguu ukanasa pale waya unaposhukia kwenye ruta — kile kichwa cha upande wa ruta kikaruka. Kile kiulimi kinachofanya kibane kimevunjika. Ukikichomeka, kinateleza nje.

Koleo la kubania vichwa? Rafiki yake ameliazima, ameenda nalo Kotile. Anarudi Ijumaa. Ijumaa!

Selotepu nimejaribu. Joto limeibandua.

Alhamisi, 11 Septemba

Saa nane kasoro kumi. Nimeingia, niko kwenye foleni, mtu mmoja mbele yangu. Naandika ili muda usogee.

Dabqaad iko uani, imepoa. Wageni wa Hooyo wa kila Alhamisi wameambiwa waje kesho, jambo ambalo halijapata kutokea. Hooyo amekaa sebuleni juu ya mto wake, ameshika kichwa cha waya kwa vidole viwili, amekibana ndani ya ruta. Nimemwambia ni saa nzima. Akasema kwani kunizaa kulichukua dakika ngapi.

Skrini inauliza: je, uko peke yako chumbani? Nimeweka tiki. Chumbani, ndiyo.

Simu ya Hooyo inalia. Ni mlio wa dada yake, Habaryar Fatumo, wa Kotile — hupata mtandao Alhamisi tu, na Hooyo humngoja wiki nzima. Imekatika. Inalia tena. Simu iko dirishani, vidole viko kwenye waya.

Inalia mara ya tatu. Nimepima: thelathini na nane. Haijatikisika.