Hesabu Safi Zimeniponza

Jitka! Uko wapi? Nimejifungia chooni kazini, nalia kwa hasira.

Unamkumbuka Romain, yule mkaguzi wa Luxembourg anayekuja Praha kila mwaka kukagua hesabu za wakala wetu wa setilaiti? Basi yuko hapa.

Na leo ni sikukuu ya jina langu kwenye kalenda, nimeoka keki ya bábovka kwa mikono yangu. Nikampelekea kipande. Akasema, "Samahani, Jarmila. Mkaguzi hali cha anayekaguliwa."

Sawa. Nikamuuliza, basi hata swali moja kuhusu hesabu zangu huna? Akacheka. "Zako? Safi kama kioo! Hata sihitaji kukaa."

HATA SIHITAJI KUKAA!

Unajua alikokwenda kukaa? Kwa Zdenka! Yule mfanyakazi mpya aliyeingiza ankara ya Desemba kwenye hesabu za mwaka mpya. Tangu asubuhi wako bega kwa bega. Mara "tuangalie tena hapa, Zdenka," mara "usijali, Zdenka, hutokea."

Sasa sikia hii. Nimepita pale, namkuta Romain anamkatia Zdenka keki aliyokuja nayo kutoka kwao Luxembourg. Nikamwambia, "Na kanuni je?"

Hana hata haya. "Kanuni inakataza kupokea, Jarmila. Kutoa haikatazi."

Kutoa haikatazi! Shoga, nimeondoka na sahani yangu mkononi.

Na bosi kaniandikia sasa hivi, eti nimfundishe Zdenka asikosee tena.

Nimfundishe nini? Mimi ndiye ninayehitaji kufundishwa kukosea.