Kahawa Uliyoiacha Ipoe

Mpendwa Ami Salim,

Nakubusu mkono, ijapokuwa mkono wenyewe sasa uko chini ya mawe. Nimekaa kwenye mkeka wa sebule yako hapa Matrah, vikombe vya kahawa vimetapakaa mbele yangu, na mkeo Bi Zuwena ananiita kutoka jikoni nivilete vioshwe. Nimemwambia naja. Nimechoka, Ami. Nimechoka magoti, nimechoka kufungwa kila Ijumaa, na leo nimegundua kuwa nimechoka hata kukasirika. Wachezaji wangu wametoka hapa sasa hivi. Walikuja kunivua umeneja wa timu, kwa njia ileile niliyokuvua wewe.

Nilikuwa nimekwisha jiambia kuwa habari ile imepita. Kumbe haijapita, ilikuwa inanisubiri tu.

Unakumbuka timu ilivyoanza. Mwaka wetu wa pili hapa, baada ya kutoka Unguja ile sitini na nne, wanaume walikuwa wanakaa barazani tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, wakirudia hadithi zilezile. Wewe ukasimama siku moja ukasema, "Mwanamume akikaa bure huoza kabla hajafa. Inukeni." Ukatuvusha mlima mpaka Ruwi, kwenye ule uwanda wa kokoto karibu na njia ya ndege, ukasimamisha magoli ya boriti. Ndege ikija refa anapiga filimbi, sote tunakimbilia pembeni tumefumba macho kwa vumbi, ikipita tunarudi kuutafuta mpira. Bi Zuwena alitushonea jezi za buluu kwa mkono, namba akazikata katika shuka nyeupe. Namba tisa aliishona mara mbili ili isibanduke, akanipa mimi.

Na timu ilikuwa nzuri. Hapo ndipo palipouma. Timu mbovu ikifungwa watu hucheka wakaenda zao kunywa maji. Sisi tulikuwa na watu waliocheza Unguja mbele ya halaiki, tulikuwa na Hamed, mtu wa Nizwa, mwenyeji wa nchi hii, kijana anayekimbia juu ya kokoto utadhani anakimbia juu ya zulia. Na bado tulifungwa na askari, tukafungwa na mabaharia, tukafungwa hata na wapishi wa kambi ya mafuta. Siku ile ya wapishi golikipa wao alikaa chini kipindi cha pili akawa anamenya chungwa. Nilimwona, nilikuwa nimesimama mbele yake sina la kufanya.

Kosa lilikuwa lako, Ami. Nilisema wakati ule na nasema leo, ingawa leo nalisema kwa sauti ya chini zaidi. Hukuwa unapanga timu. Ulikuwa unapanga tena timu yako ya kule. Kila mtu ulimpa nafasi ya mtu aliyebaki nyuma. Abdalla fundi cherehani, mwenye miguu ya kukanyagia mashine, ulimweka wingi ya kushoto kwa sababu binamu yake ndiye aliyekuwa wingi. Hamed ulimkalisha nje, kwa kuwa hakuwa na ndugu wala jamaa katika timu ile ya zamani, basi hapakuwa na nafasi ya kumrithi. Na mimi, golikipa tangu nikiwa skuli, ulinitoa golini ukaniweka senta fowadi, mahali pa baba yangu.

Baba hakuwahi kupanda meli nasi. Tulipoondoka alikuwa amekwisha zikwa. Ulimlilia ndugu yako siku moja tu, nilikuona, kisha sikukuona tena ukimlilia. Lakini Ijumaa, mpira ukija upande wangu, ulisimama pembeni na bakora yako ukapiga kelele, "Seif! Ingia, Seif! Ingia!" Mara ya kwanza nilidhani umeteleza ulimi ukataja jina la baba. Baadaye nikawa sigeuki. Nilijifanya upepo umenizuia kusikia, na hapakuwa na upepo.

Tukifungwa, ulirudi nasi mlimani ukihema. "Tulicheza vizuri," ulikuwa ukisema. "Kule wangetufahamu." Mtu mzima anayechunga heshima hajibu. Mimi nilikuwa na miaka thelathini, nimejaa hasira kama dele la kahawa lililosahauliwa motoni.

Ndipo Hamed alipotufundisha. Tulikuwa tumeshindwa kupata mtu wa kukuambia. Nani atakwenda kumwambia Bwana Salim aache timu aliyoiunda mwenyewe? Hamed akasema, "Kwetu mtu akiwa na haja nzito kwa mwenye nyumba, hamgombezi. Anapokea finjani ya kahawa, anaiweka chini, hainywi. Mwenye nyumba anajua. Hatamwacha mgeni wake aondoke na kahawa imepoa, ni aibu kwake. Lazima aulize, na akiuliza, lazima atoe." Watu wakatazamana. Wa kwanza kukubali nilikuwa mimi, Ami, niliyekula sahani moja nawe tangu nilipofika nchi hii.

Tulikuja baada ya Alasiri, kumi na mmoja. Ulifurahi kutuona. Haluwa ikapita, kahawa ikapita, na sote tukaweka vikombe mkekani. Tukangoja.

Wewe hukujua. Hilo hatukulifikiri. Umekaa Maskati miaka mitatu na hukujua ada ya watu wa hapa, kwa sababu hukutaka kuijua. Kujifunza ada za mahali ni kukubali kuwa umefika.

"Kunyweni, jamani," ukasema. "Kahawa ikipoa haina maana."

Hakuna aliyenyanyua mkono. Ukaonja yako, ukakunja uso. Ukamwaga vikombe vyetu kimoja kimoja kwenye bakuli, ukajaza upya kwa mkono wako. Tukaviacha. Ukapiga kelele ndani, "Bi Zuwena! Kahawa hii imefanyani leo? Wageni hawainywi!" Akapika nyingine. Tulimsikia akitwanga iliki kwa haraka, mwanamke amefedheheka bure. Ukajaza mara ya tatu, na Abdalla fundi alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Ningeweza kunywa. Kunywa mara moja tu na shughuli yote ingekwisha kwa kicheko. Sikunywa.

"Ami," nikasema, "hatunywi mpaka utupe haja yetu."

"Haja gani, mwanangu? Si useme tu?"

"Utuachie timu."

Ulinitazama. Halafu ukavitazama vikombe, na nikaona unavielewa sasa, vyote pamoja, na ile kahawa ya kwanza na ya pili uliyoimwaga. "Nimekupeni," ukasema. "Haya, kunyweni." Tukanywa. Nilikuwa nimekwisha inuka uliponiuliza, "Na wewe utacheza wapi?"

"Golini."

"Baba yako hakusimama golini hata siku moja."

"Mimi si baba."

Nilikuwa na haki, Ami. Golini ni mahali pangu, na sikuwa baba. Lakini nililisema mbele ya watu kumi, nikiwa nimesimama na wewe umekaa, na tangu siku ile hukukanyaga tena Ruwi. Nikahama nyumbani kwako nikakodi chumba nyuma ya msikiti. Tukaanza kushinda. Hamed alicheza wingi, Abdalla akarudi kwenye cherehani yake akashukuru, mimi nikawa meneja, nikasimama golini na Ijumaa baada ya Ijumaa hakupita mtu. Nilikuwa nikikuletea habari kupitia kwa Bi Zuwena, eti nimefanya adabu. Ilikuwa majivuno.

Kisha ukaja kunitembelea siku ya pili ya Idi. Nilikumiminia kahawa kwa mkono wangu. Ukaipokea, ukaiweka chini.

Nilijua. Nilijua pia kwamba Hamed alikuwa amekuja kukuomba radhi na kukueleza ada ile tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu yeye ni mtu mwenye heshima kuliko mimi. Macho yako yalikuwa yamekwenda ukutani, ambako jezi namba tisa ilining'inia kwenye msumari, kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Ulichokuja kuomba hakikuhitaji kutajwa. Mchezo mmoja. Nisimame mbele mara moja, ukae pembeni, umwone ndugu yako akikimbia.

"Kunywa, Ami," nikasema.

"Acha ipoe kidogo."

Neno moja tu nilitakiwa kusema: nimekupa. Nikazungumza habari za joto. Nikazungumza bei ya samaki, nikazungumza watu wa kambi walivyoleta refa mpya asiyejua kitu. Ulinisikiliza mpaka Magharibi ikaadhiniwa, ukavaa viatu, ukasema, "Haya, mwanangu, Mungu akuweke." Kikombe kilibaki kimejaa hadi juu. Ile homa ilikushika mwezi uleule, na nilipokuja hukuwa ukimjua mtu. Mimi uliniita Seif. Sikujibu, kwa sababu nilikuwa nalia, lakini wewe ungejuaje kuwa ni kulia na siyo ule ukaidi wangu wa uwanjani?

Nilirudi kuishi kwa Bi Zuwena, na timu nikabaki nayo. Na sasa sikiliza uone dunia ilivyo na dhihaka. Goti langu la kulia liliharibika mwaka juzi. Kila mtu aliliona isipokuwa mimi. Meneja ndiye anayepanga timu, na meneja alikuwa anajipanga mwenyewe golini, Ijumaa zote, na aliyetia shaka nilimweka nje. Mwaka huu nchi imefunguka, watu wetu wanashuka kwenye ndege kila wiki, kutoka Unguja, kutoka Misri, kutoka Kuweti, vijana wenye mapafu. Yuko kijana golikipa hodari, namtumia kuokota mipira nyuma ya goli. Ijumaa iliyopita nilifungwa manne, mawili yamepita katikati ya miguu yangu. Nikarudi mlimani nikihema, nikawaambia, "Tulicheza vizuri." Nilijisikia nikisema. Sauti ilikuwa yako.

Basi leo wamekuja. Nahodha wao Khalfan, aliyefika miezi mitatu tu iliyopita, ndiye aliyewaongoza, na nani mwingine atakuwa amemfundisha ada kama si Hamed? Hamed mwenyewe alikuwepo. Aliweka kikombe chake chini polepole bila kunitazama. Mkuki kwa nguruwe, Ami. Kwa binadamu ni mchungu, na mimi leo nimeuonja.

Sikujaza upya. Sikuwa na njia ya kujifanya sijui. Niliviangalia vikombe vile nikakuona wewe na dele mkononi, unajaza mara ya tatu, na nikasema kabla hawajafungua vinywa, "Nimekupeni timu. Nimekupeni na goli. Kunyweni."

Wakanywa kwa pamoja, wametahayari, nadhani walikuwa wamejitayarisha kwa vita. Hapo mimi nikachukua kikombe changu nikakiweka chini.

Khalfan akashangaa. "Mwalimu, mbona hunywi?"

Hamed ndiye aliyeelewa. "Ana haja," akasema.

"Haja gani tena? Si tushamaliza?"

"Nna haja," nikasema. "Ijumaa nipeni namba tisa. Dakika kumi. Nicheze mbele."

"Na goti hilo?"

"Na goti hilihili."

Mmoja akacheka, wengine wakamfuata, na Khalfan akaanza kunieleza kuwa mchezo wenyewe ni wa askari, mgumu, na dakika kumi ni nyingi. Hamed akamkata. "Mpe," akasema. "Mpe, Khalfan, usimwache kahawa yake ikapoa." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, na akaniitikia kwa kichwa. Yeye alikuwepo siku zote mbili, yako ile na hii yangu.

"Tumekupa, Mwalimu."

Nikanywa. Ilikuwa imekwisha poa, na ilikuwa chungu.

Bi Zuwena ameitoa jezi sandukuni. Uzi wa namba ungali imara, anasema, na mimi ndiye niliyenenepa, itabidi aifungue ubavuni. Hakuniuliza ya nini. Ameketi sasa hivi karibu na dirisha, anashona.

Ijumaa baada ya Alasiri nitasimama katikati, mahali pa baba. Sitafunga bao, usije ukategemea. Pengine sitaugusa mpira. Lakini simama pale pembeni na bakora yako, Ami, uniite unavyotaka. Ukiniita Seif, safari hii nitageuka.

Mtoto wa ndugu yako,
Nassor