Nilizima Injini Maombi Yakianza

Jumapili, mwezi wa saba, 1996. Jericho, Nairobi.

Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye mifupa. Jua halijaonekana tangu Alhamisi, na nguo nilizofua jana bado zinadondosha maji kwenye kamba. Nimeoga mara mbili na bado nanuka oili. Mgongo unauma, magoti yanauma, na kidole gumba kimechubuka hadi nashika kalamu kama mtoto wa nasari.

Nimechoka. Naliandika hilo kwanza ili nisije nikajifanya.

Leo gari la mume wangu, Baba Nekesa, lilitembea. Halafu nikaliharibu.

Ukweli ni kwamba mimi sipendi magari. Mume wangu alipolinunua hili, likiwa tayari limezeeka, alinizungusha nalo mtaa mzima akitaka nisikie turbo ikipiga mluzi. Nikamwambia hata birika langu linapiga mluzi na halinywi petroli. Alicheka hadi akasimamisha gari kando.

Kisha akateleza ngazini kiwandani alikofanya kazi, mgongo ukaumia, na miguu ikakataa kumbeba bila magongo. Gari likafunikwa turubai kando ya nyumba, naye akajifunika vivyo hivyo. Kwa mwaka mzima aliniambia ndiyo, hapana na asante, kama mgeni aliyekuja kulala kwetu siku mbili. Nekesa akirudi kutoka shule ya bweni alikuwa ananiuliza jikoni kama baba amemkasirikia. Nilikuwa nampa vitunguu akate.

Jumamosi moja mwaka jana nilitoa lile turubai nilifue. Nikafungua boneti, nikakuta panya wamejenga juu ya injini, nikaanza kung'oa matambara yao. Sauti ikatoka mlangoni: "Mama Nekesa, hiyo waya usivute."

Maneno matano! Nilisimama pale na tambara la panya mkononi, nikaogopa hata kugeuka, asije akanyamaza tena.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi. Yeye kitini mlangoni, mimi chini ya gari, ananitajia spana namba kumi na mbili, namba kumi na nne, geuza, siyo huko, huko kwingine. Siku za kazi napakia biskuti Industrial Area, na kila asubuhi nasugua kucha kwa ndimu na sabuni ya unga, maana msimamizi akiona weusi ananirudisha mferejini mbele ya watu wote. Wikendi nalala kwenye gunia. Mama Atieno wa nyumba ya tatu alizoea kupita akinitania, "Injinia, chai iko!" Mara nyingi chai yenyewe ilikuwepo kweli, na mandazi juu yake.

Nilivumilia kwa sababu moja tu. Akiwa anafundisha, anaongea.

Mwezi uliopita tulifika kwenye turbo. Alivyonieleza, ni feni ndogo inayosukumwa na moshi wa injini, inazunguka kwa kasi ya kutisha na inapata moto kama jiko. Kinachoiponya ni oili inayopita ndani yake. Ukizima injini ghafla, oili inasimama lakini feni bado inazunguka, kavu, na oili iliyobaki inaungua humo ndani. Kwa hiyo ukitoka safari unaacha injini ingurume polepole dakika mbili, ndipo unazima.

Dakika mbili. Aliniambia nikiwa chini ya gari, akaniambia nikisonga ugali, akaniambia nikiwa nimeshafumba macho kulala. Nikamwambia nimeoa mwalimu badala ya kuolewa.

Leo baada ya kanisa aliingia ndani ya gari. Mwenyewe. Magongo tukayalaza kiti cha nyuma, mimi nikashika usukani, tukatoka hadi Jogoo Road. Kufika pale barabara inapofunguka akasema, "Kanyaga, mama. Kanyaga!" Nikakanyaga, ule mluzi ukaja, na gari likatusukuma mgongoni. Tulifika Donholm, tukazunguka raundabauti, tukarudi kwa kasi ile ile. Njia nzima anaongea. Ule mti wameukata lini? Na hii rangi ya manjano ni nani aliichagua? Halafu akasema, bila kuniangalia, kwamba Jumapili ijayo ni siku ya kuwatembelea wanafunzi shuleni kwa Nekesa, na kwamba tungeweza kwenda. Sote wawili.

Hajawahi kwenda. Alikuwa anasema hataki mtoto achekwe.

Nilipokata kona ya kuingia kwetu, nikakuta hema na mabenchi yamejaa njiani. Mume wa Mama Atieno alifariki Jumanne, na watu wanakusanyika kila jioni kabla ya kumsafirisha kwao akazikwe. Nilikuwa najua. Nilisahau tu kwa ile furaha. Mchungaji alikuwa ameshainua mkono, watu wote wameinamisha vichwa, na Mama Atieno yuko katikati amejifunika leso. Na mimi nimewasili na injini inayounguruma. Wamama wawili wakafumbua macho, wakanitazama.

Mkono wangu ulizima injini kabla kichwa hakijafikiri. Baba Nekesa alinishika kifundo cha mkono, lakini alikuwa amechelewa.

Ningefanyaje? Ningemwachia mfiwa mluzi wa turbo kwenye maombi yake? Simjui mtu yeyote wa mtaa huu ambaye asingezima.

Maombi yalikuwa marefu. Mchungaji alimwombea marehemu, mjane, watoto, wasafiri, dereva wa gari la maiti, na barabara yote hadi Siaya. Sisi tumekaa ndani ya gari, hatuwezi hata kunong'ona. Nasikia chuma kikilia tik, tik, tik, na harufu ya oili iliyoungua inaingia. Midomo ya Baba Nekesa ilikuwa inacheza. Nikadhani naye anaomba. Alikuwa anahesabu sekunde.

Amina ilipofika nikawasha, nisogee hadi nyumbani. Ikalia kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, na moshi wa buluu ukafunika hema lote. Mchungaji akakohoa. Nikazima. Wanaume wakaacha mabenchi wakaja nyuma ya gari, mmoja akapaza sauti, "Mathe, weka free, tusukume!" Nikatoa gia, wakatusukuma watu wenye msiba, mume wangu ameketi mbele kama waziri, uso umefungwa. Mama Atieno mwenyewe alitembea kando ya dirisha langu, akaniambia, "Pole, mama. Ulituheshimu." Hapo ndipo nilipotaka kulia.

Nyumbani sikubadilisha hata nguo. Nilifungua bomba jembamba linalopeleka oili kwenye turbo, nikakuta limejaa weusi mgumu kama ukoko wa ugali. Nikashika shafti inayobeba ile feni kwa vidole viwili. Inacheza, imelegea. Mwezi mzima wa kazi, unacheza mkononi mwangu.

Nikamwambia. Hakujibu. Alikaa kitini akiangalia chini, na mimi nikamjua yule mtu. Ni yule wa ndiyo, hapana na asante. Nikasema nisamehe, nikasema ni kosa langu, nikasema unajua ningefanya vingine kama si maombi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ile aliyoletwa kutoka hospitali.

Kisha akasema, "Siku yangu mimi ikifika, na mchungaji amefumba macho hapo nje, uache injini ingurume. Dakika mbili. Umesikia? Nitasubiri."

Nilimrushia tambara la oili usoni. Akacheka, kicheko kile cha birika, hadi akashika mgongo kwa maumivu. Mimi nikakaa chini kwenye gunia nikalia sana, na yeye akaniacha nilie.

Sasa ni saa moja na wanaimba kule hemani. Yeye yuko chumbani, anaongea kupitia ukuta. Ananieleza bushi mpya, zile zinazoshika shafti, zitachongwa vipi, eti rafiki yake wa kule kiwandani atatusaidia, na bomba la oili tutaweka jipya tusirudie ujinga. Simjibu. Ameshaongea karibu nusu saa.

Gari limekufa na bado anaongea. Mwaka mzima nilidhani ni gari linalomfanya aongee.

Turbo haitapona kabla ya Jumapili. Kesho nikishasugua kucha nitamwambia tunaenda kumwona Nekesa kwa basi, na magongo yake.