Ukuta Nyuma ya Kawa

Koboko, Alhamisi jioni. Mawingu yamejikusanya upande wa Kongo tangu adhuhuri, na roho yangu iko juu juu.

Nimechoka, shajara. Nimechoka hadi naona haya.

Leo majina yamebandikwa kwenye ubao wa halmashauri: wazee watakaojengewa nyumba kwa fedha za mwaka huu. Nyumba ni chache, hilo tulilijua mapema. Niliomba ruhusa shuleni Arua ninakofundisha, nikaja kuusoma ubao huo kwa kidole, mara tatu. Jina la Habuba halimo. Habuba ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Ndiye aliyenilea, na sasa anaishi peke yake katika nyumba ya udongo aliyoijenga babu alipotoka jeshini.

Ukuta wa chumba anacholala una ufa. Nikiingiza mkono unazama hadi kwenye kiwiko. Mvua kubwa mbili tatu zikifuatana, ukuta huo utalala juu ya kitanda chake, na yeye akiwemo.

Niliingia ofisini kuuliza. Karani, dada mmoja mpole, alifungua faili akanionyesha alichoandika mkaguzi: makazi yanaridhisha. Kisha akanionyesha picha ya chumba. Nilitamani ardhi inimeze.

Maana kazi ile ni yangu mimi.

Mwezi uliopita, tulipoambiwa wakaguzi wanakuja, Habuba hakutulia. Wageni wa serikali wataingia hadi chumbani! Tukakandika sakafu upya, tukaazima makochi ya jirani pamoja na vitambaa vyake vyeupe, tukachoma ubani. Na ufa je? Nilipanda juu ya kiti mimi mwenyewe, nikapigilia misumari, nikatundika kawa zote alizozisuka, nyekundu, kijani, zambarau, zile tunazofunikia chakula siku za harusi. Ukuta ukapendeza kama duka. Wakaguzi walikunywa chai, wakala mandazi, wakasifu usafi. Mmoja hata aliuliza kama kawa zinauzwa. Nilipowasindikiza nilijiona nimefanya la maana.

Mjinga mimi. Mwalimu mzima.

Karani alinihurumia. Alisema rufaa zinapokelewa hadi kesho ofisi itakapofungwa, nilete picha moja tu, ufa uonekane wazi. Nikarudi nyumbani mbio, nikaziteremsha kawa moja moja. Habuba alinitazama, kisha akaniambia nisubiri. Akaoga, akavaa nguo yake ya Idi, akajitanda mtandio, akaja kusimama wima mbele ya ukuta. Mbele ya ufa hasa.

Nilimwomba asogee kando kidogo. Nikambembeleza. Mwisho nikafoka. Mungu anisamehe, nilimfokea mtu aliyenilea.

Yeye hakupandisha sauti. "Shimo ya nyumba yangu haiwezi kwenda kwa ofisi," aliniambia. "Wao waangalie mimi. Mimi ndiyo mutu nakaa hapa."

Ni kweli, yeye ndiye anayekaa hapa. Lakini fomu haina mahali pa kuandika hilo.

Nimepiga picha kumi na moja. Katika zote anaonekana bibi nadhifu, kidevu juu, mjane wa askari kweli kweli, na ufa wote uko mgongoni mwake. Nikizipeleka hizi, wataandika tena kwamba makazi yanaridhisha.

Sasa yuko jikoni anapika, anaimba polepole, anadhani tumemaliza. Kawa amezirudisha zote kwenye misumari yake. Upepo umeanza kunuka mvua, na mimi nimekaa kwenye kitanda chake nikiusikiliza ukuta.

Kesho ni Ijumaa. Atakwenda msikitini, nami nitabaki na ukuta na simu kwa muda wa saa moja hivi.

Najua nitakachofanya. Sijui tu nitamtazamaje akirudi.