Weupe wa Macho ya Bosi

Jumanne, 4 Machi

Msichana! Saa nne na robo asubuhi. Kilo mbili na nusu na vijigramu. Mkunga alitokeza mlangoni akasema, baba, njoo umwone — nikageuka nyuma kutazama anamwita nani. Kumbe mimi! Miaka minane ya ndoa nimeitwa majina yote, hilo ndilo lilikuwa halijanifikia.

Nywele nyingi kama amevaa wigi. Ngumi zote mbili amezikunja kama mtu aliyekuja kulalamika. Mke wangu hoi, lakini anacheka peke yake, anatazama dari na kucheka. Nilimshika mtoto dakika mbili tu nikamrudisha. Mikono yangu mikubwa mno! Miaka kumi na moja inapambana na mashuka ya hoteli, mashine na pasi, leo imepewa kitu chenye uzito wa taulo moja lililolowa!

Jina bado. Kwa sasa ni Bosi. Alifungua jicho moja tu, sote tukasimama wima.

Daftari hili nimelinunua njiani. Furaha yote hii lazima niitue mahali.

Jumatano, 5 Machi

Tumeruhusiwa! Kabla ya kutuachia, mkunga alitukalisha akatusomea masharti kama hakimu. Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa, kila mtu, hata awe nani. Kitovu kibaki kikavu, kisipakwe kitu chochote, nepi ifungwe chini yake. Anyonye kila anapotaka, na asipotaka aamshwe, yasipite masaa matatu. Kuoga kesho, si leo. Akipata homa, akiacha kunyonya, akibadilika rangi — msisubiri, rudini. Niliandika yote. Mke wangu akanifinya: unaandika kama uko kwenye mtihani. Ndiyo, niko kwenye mtihani!

Mama mkwe tulimkuta nyumbani, kaja na begi la kukaa. Amelea sita, na halipiti saa moja bila kututajia hao sita. Alimchukua Bosi mikononi mwangu kabla sijavuka kizingiti. "Mke mwenzangu kaja!"

Nikakohoa. Nikasema, mama, samahani... mkunga amesisitiza... sabuni.

Mke wangu akatazama sakafu. Mama mkwe akanitazama kwa muda wa kutosha kukausha leso. Kisha akanirudishia mtoto, akaenda kunawa, polepole, mpaka kwenye viwiko, povu linatoka, macho kwangu. Akarudi akanyoosha mikono mbele yangu. "Nimetakata, Bwana Afya?"

Basi. Mtoto hana jina, mimi nimepata.

Alhamisi, 6 Machi

Kaoga!

Mama mkwe ndiye mwogeshaji mkuu. Mimi nilichemsha maji, nikayapooza, nikaweka beseni mezani, nikafunga dirisha upepo usipite, nikakunja mikono ya shati. Akaniambia, baba, wewe shika taulo. Nikashika taulo. Lakini macho yangu hayakushika taulo! Nimeona kila kitu. Kaanza na macho, pamba na maji yaliyochemshwa, toka puani kwenda nje, kila jicho na pamba yake. Kisha uso, kisha kichwa, mwili bado umefunikwa. Halafu shingo, makwapa, mikunjo ya mapaja — huko ndiko maziwa na jasho hujificha. Makalio mwisho. Kitovu kakizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi. "Umeona sijakipaka kitu, Bwana Afya?" Nimeona, mama.

Na joto la maji! Kazini mashine inakuonyesha namba. Yeye kachovya kiwiko, yamekwisha. Nami nikachovya changu, nikasema yako sawa kabisa. Akacheka: kiwiko cha dobi hakiaminiki, kilishapikwa zamani.

Lakini kwenye nepi hakuna wa kunifundisha. Nimetoa madoa ya mvinyo, ya wino, ya kutu, ya rangi za midomo. Hili la leo sijawahi kukutana nalo! Jeusi tii, linanata kama lami. Nilikaribia kumpigia simu msimamizi wangu kuomba ushauri. Maji baridi kwanza, kisha sabuni ya mche isiyo na manukato, kuchemsha, kusuuza mara tatu, jua kali, pasi pande zote mbili. Nepi kumi na mbili kwenye kamba, zilizotumika na mpya, zimenyooka kama askari wa gwaride.

Mama mkwe akapita chini ya kamba. Akashika moja. Akainusa. Akaigusisha shavuni. Baada ya dakika tano nikamsikia uani anamwita jirani aje aone.

Nimeshinda! Kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Nilipita kazini asubuhi kukabidhi zamu. Msimamizi kanipa wiki nzima! Wenzangu wakaniuliza, anafanana na nani? Nikasema na mimi. Wakasema, maskini mtoto wa watu.

Nikarudi saa sita. Bosi kalala. Saa saba, kalala. Saa nane nikamwuliza mke wangu, mbona hanyonyi? Tukamvua soksi, tukamkuna nyayo, tukampangusa uso kwa kitambaa chenye maji. Akavuta mara nne, tano, akalala tena na chuchu mdomoni. Mama mkwe akasema, mtoto mtulivu huyo, mshukuru, wenzenu wanaliliwa kutwa. Labda.

Ila mimi ndiye nafua. Jana nepi za mkojo zilikuwa tatu. Leo mpaka alasiri hii, moja. Na kinyesi bado kile kile cheusi — mkunga alisema kufikia leo kingeanza kubadilika. Nimeandika tu hapa. Sijamwambia mtu. Bwana Afya naye ana aibu yake.

Lakini kanishika kidole! Nilimpa kidole cha shahada akakikamata, akakataa kukiachia. Robo saa nzima nimeinama juu yake, mgongo unawaka moto, na sitaki kujinyoosha.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze na pazia.

Chumba chetu kina pazia la rangi ya chungwa. Jua likipita hapo kila kitu kinageuka chungwa, ukuta, kitanda, sisi wenyewe. Asubuhi niliingia kumbadilisha nepi. Nikaiweka ile safi karibu na kichwa chake. Nikasita. Sikujua kwa nini nimesita.

Kazini hatukagui mashuka meupe chini ya taa. Tunayapeleka dirishani. Shuka lililoanza kuingia umanjano linakudanganya kuwa ni jeupe, mpaka uliweke kando ya jeupe kweli, kwenye mwanga wa mchana.

Nikambeba Bosi mpaka mlango wa nyuma. Nikaweka nepi kando ya shavu lake. Nikambonyeza ncha ya pua, taratibu. Nilipoondoa kidole, pale pakabaki njano. Akafungua macho kidogo. Weupe wake haukuwa weupe.

Nikamwita mke wangu. Mama mkwe akafika wa kwanza. Akatazama haraka haraka. "Kachukua rangi yangu huyo. Mimi ndivyo nilivyozaliwa. Na kama ni umanjano kidogo, tumwanike jua la asubuhi, utaisha."

Nikasema — na hapa naandika maneno yangu yote, maana sijui kama nitarudia kuwa jasiri hivi: "Mama, nakuheshimu. Wewe umelea sita, mimi sijamaliza hata wiki. Lakini nyeupe naijua. Ndiyo kazi yangu, mama. Wewe ni mweupe, huyu ni wa manjano. Si rangi yako hii."

Mke wangu kasimama katikati, mama yake huku, mume wake huku. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hebu mbonyeze wewe mwenyewe."

Mama mkwe akambonyeza kifuani. Akatazama. Akambonyeza tena, tumboni. Akageuka, akaingia ndani. Nikajua nimeharibu, hapo sasa anafunga begi lake. Nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi.

Akatoka amevaa viatu, mkoba kwapani, kadi ya kliniki mkononi. "Mnasubiri nini?"

Hospitali daktari ni mwanadada, hacheki lakini mikono yake mipole. Kachukua damu kisiginoni. Kiwango cha umanjano kwenye damu kimepanda, kasema, si cha kuchezea, lakini mmewahi. Bosi kalazwa papo hapo chini ya taa ya bluu, ya kuuondoa huo umanjano. Daktari akauliza, tangu azaliwe amenyonya mara ngapi kwa siku? Amelowesha nepi ngapi? Mke wangu akanitazama. Nikafungua daftari. Nikasoma! Alhamisi tatu, Ijumaa mbili kwa siku nzima, leo hakuna, kinyesi cheusi mpaka jana. Daktari akaacha kuandika. Akaniuliza, wewe ni mhudumu wa afya?

Nikasema hapana. Dobi.

Jumapili, 9 Machi

Kalala na nepi tu, kafungwa kitambaa machoni, mikono kaitawanya — kama mtalii ufukweni! Bluu tupu. Mke wangu anakamua maziwa, tunamnywesha kwa kikombe kidogo, anamung'unya kama bibi kizee. Kila masaa mawili. Tunanawa, tunamnywesha, tunambadilisha, tunanawa tena. Mikono yangu imekauka kama gamba.

Nepi tano mpaka mchana! Na kinyesi — KIJANI! Nilipiga kelele wodini. Kijani, jamani! Nesi akanikemea, kisha akaja kuona, kisha akacheka.

Mama mkwe hacheki. Wala hali chakula. Mchana tulikaa naye benchi la korido, mke wangu yuko ndani. Akasema bila kunitazama, "Shemeji yako alikuwa hivi."

Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, yule fundi saa asiyesikia. Siku zote nilidhani kazaliwa hivyo.

"Wiki mbili wa manjano. Nikamwanika jua. Kila mtu aliniambia jua. Na alikuwa mtulivu... nikawa namsifia." Akafungua mkoba, akaufunga. "Sijui kama ndiyo iliyomziba masikio. Hakuna aliyeniambia ndiyo, hakuna aliyeniambia hapana."

Nikasema, mama, jana mimi bado nilikuwa natunga maneno. Wewe ulikuwa umeshavaa viatu.

Akanipiga bega. Kwa nguvu! Bado linauma.

Daktari alipopita, mama mkwe akasimama. "Na masikio, daktari?" Daktari akasema kiwango kimeanza kushuka, kesho damu tena, na masikio yatapimwa kabla hatujatoka, mtaalamu wake yuko siku za kazi. Asijali. Mama mkwe akasema ahsante. Akajali vile vile.

Jumatatu, 10 Machi

Damu wamechukua saa mbili. Sasa ni saa nne, matokeo bado. Mtaalamu wa masikio naye bado. Naandika nimekaa kwenye kigoda kando ya taa. Nepi mbili tangu alfajiri, nzito nzuri! Kinyesi cha mwisho kimeingia njano ya haradali, na hiyo ndiyo njano pekee tunayoitaka.

Mama mkwe hajatoka hapa tangu asubuhi. Ananong'ona karibu na sikio la Bosi, mke mwenzangu, we mke mwenzangu, kisha anatulia, anatazama. Bosi amelala fofofo. Mama mkwe anahamia sikio la pili. Nimemwambia mtoto kashiba, mama, ndiyo maana. Kasema najua. Karudia.

Mke wangu amekwenda kunawa —

Ee! Subiri!

Nesi alikuwa anapita na kibakuli cha chuma. Kimemponyoka. Sakafuni — PAAA! Wodi nzima imeruka. Na Bosi! Mikono yote miwili juu, vidole vimechanua, mdomo wazi, kisha kilio, kilio cha kuezua paa! Macho yana kitambaa. Hakuna aliyegusa kitanda. Hakuona kitu!

Mama mkwe kanikamata mkono. Umeona? Nimeona, mama. Umeona, baba? Nimeona! Mke wangu kaja mbio, mikono inachuruzika maji, anauliza kuna nini, nani kamfanya nini mtoto, na sisi wawili tunacheka kama wendawazimu mbele ya mtoto anayelia.

Daktari yule kule mwisho wa wodi, anakuja, ana karatasi ya majibu. Nesi anaomba radhi, anainama aokote. Mama mkwe kamwahi. Kakiokota yeye. Hamrudishii. Kakinyanyua juu kwa vidole viwili, anamtazama Bosi, ananitazama mimi, anatazama sakafu, vidole vinaanza kukiachia —